Kupinga kodi ya jengo iliyokatwa kimakosa kwenye LUKU: mwongozo kwa wenye nyumba wa Mbeya, Iringa na Njombe

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nchini Tanzania hukatwa kila mwezi mwenye mita anaponunua umeme wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi wa Nyanda za Juu Kusini hawajawahi kupokea karatasi ya madai ambayo wangeweza kuishika mkononi, kuisoma na kuibishia. Makadirio yenyewe hayaonekani. Kinachoonekana ni uniti zilizopungua. Mtu hununua umeme wa shilingi elfu kumi, akaona uniti chache kuliko alizozoea, akalaumu shirika la umeme, TANESCO, akaendelea na shughuli zake, na miaka mitatu baadaye ndipo anapogundua kwamba alikuwa akilipia jengo lilelile mara nne. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, na ni kwa ajili ya vijana wanaowasaidia wazee wao, kwa kuwa mara nyingi mzee ndiye anayelipa na kijana ndiye mwenye simu inayopokea risiti.

Kwanza ni lazima kujua kinachoweza kupingwa na kisichoweza. Chini ya utaratibu wa zamani, ambao mizizi yake ni Sheria ya Kodi za Majengo ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983, jengo lilithaminiwa na kodi ikatokana na thamani hiyo, hivyo mwenye nyumba aliyeona nyumba yake imethaminiwa kupita kiasi alikuwa na hoja ya kujenga kuhusu thamani. Siku hizi viwango ni vya mkupuo, yaani kiasi kimoja bila kujali thamani ya jengo. Mwaka 2021 vilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na shilingi 60,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa katika majiji, manispaa na miji. Kuanzia Julai 2023 vikapanda kuwa shilingi 18,000 na shilingi 90,000, yaani shilingi 1,500 na shilingi 7,500 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ya tofali za kuchoma pale Ilomba na nyumba ya vigae pale Forest hulipa sawa, ilimradi zote ni za chini. Barua inayosema kwamba nyumba yangu ni duni, au kwamba kipato changu ni kidogo, haitafika popote, kwa sababu afisa anayeipokea hana mamlaka ya kubadilisha kiwango kilichopitishwa na Bunge.

Kinachopingika ni kumbukumbu: idadi ya mita zinazobebeshwa jengo moja, idadi ya sakafu, kuwepo au kutokuwepo kwa jengo, nani anamiliki, kama anastahili msamaha, na miezi mingapi inadaiwa. Nimesaidia kuandika barua za namna hii kwa majirani na ndugu, Mbeya na Iringa, na zilizofanikiwa zote zilikuwa na tabia moja: zilimwonyesha afisa jambo la kweli ambalo angeweza kulithibitisha kwa macho yake, na hazikumlilia.

Anza na risiti

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kusanya ujumbe wa manunuzi ya LUKU wa miezi isiyopungua sita kwa kila mita iliyopo kwenye nyumba. Katika kila risiti kuna gharama ya umeme wenyewe, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3, na mstari unaoonyesha deni lililokatwa. Mstari huo wa deni ndiko kodi ya jengo inakojitokeza, na ndio unaopaswa kuusoma kwa makini kuliko mingine yote. Chukua mfano wa manunuzi ya shilingi 10,000 yaliyokatwa shilingi 1,500: zinabaki shilingi 8,500, ambazo ndani yake umeme ni shilingi 6,967.21, kodi ya ongezeko la thamani shilingi 1,254.10, EWURA shilingi 69.67 na REA shilingi 209.02. Ukiweza kufanya hesabu hii mbele ya afisa, mazungumzo hubadilika mara moja, kwa kuwa anajua hujaja na manung'uniko ya jumla kuhusu umeme kuisha haraka.

Risiti za karatasi zinazotolewa na mawakala hufifia, na kwa wenzetu wa Tukuyu, ambako unyevu hauishi ndani ya nyumba, zinaweza kutosomeka kabisa baada ya msimu mmoja wa mvua. Zipige picha siku ileile au uzitoe nakala. Ujumbe wa simu usiufute. Kama simu imebadilishwa, mtandao wa simu au benki uliyolipia inaweza kukupa taarifa ya miamala yako, ambayo angalau itaonyesha tarehe na kiasi ulicholipa.

Kisha andika jedwali la mkono kwenye daftari: mwezi, namba ya mita, kiasi ulichonunua, kiasi kilichokatwa. Mwezi ambao hukununua umeme uandike pia, kwa sababu kodi ya mwezi huo haifutiki, bali husubiri na kukatwa kwa pamoja utakaponunua. Wengi hudhani wameibiwa kumbe ni malimbikizo. Nyumba iliyokaa bila mpangaji tangu Januari hadi Desemba 2023, kwa mfano, ilidaiwa miezi sita ya shilingi 1,000 na miezi sita ya shilingi 1,500, jumla shilingi 15,000. Kama mita ilikata kiasi hicho Januari iliyofuata pamoja na shilingi 1,500 za mwezi wenyewe, hakuna kosa, na barua ya malalamiko itakupotezea nauli bure. Kama mita ilikata 18,000 badala ya 15,000 kwa miezi ileile, huenda kiwango kipya kimerudishwa nyuma kwenye miezi ya kabla ya Julai 2023, na hapo una hoja nzuri.

Jengo moja, mita nyingi

Hili ndilo kosa linalowagharimu watu wa kwetu zaidi. Nyumba nyingi za kupangisha za Mwanjelwa, Isanga, Kihesa au Makambako ni jengo moja lenye vyumba sita au vinane, na mwenye nyumba, ili kuepuka ugomvi wa wapangaji juu ya nani ametumia pasi au jiko la umeme, ameomba mita ya kila chumba au ya kila vyumba viwili. Uamuzi huo una busara, lakini mfumo unaweza kuisoma kila mita kama jengo linalojitegemea. Jengo la chini lenye mita nne linapokatwa kwenye mita zote hulipa shilingi 6,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 72,000 kwa mwaka, badala ya shilingi 18,000. Tofauti ni shilingi 54,000, na mara nyingi haitoki mfukoni mwa mwenye nyumba, bali inatoka kwa wapangaji ambao si wao wanaodaiwa kodi hiyo.

Kodi ya jengo ni ya mmiliki, na mpangaji anayekatwa kwenye mita ya chumba chake ana haki ya kuelewana na mwenye nyumba ili fedha hiyo ihesabiwe kwenye pango. Lakini mpangaji hawezi kurekebisha kumbukumbu ya jengo peke yake. Anachoweza kufanya, na ninamshauri afanye kwa heshima, ni kumpelekea mwenye nyumba picha za risiti na kumwambia, "Baba, mita zetu zote nne zinakatwa kodi ya nyumba moja." Mwenye nyumba naye anapoandika barua, aorodheshe namba zote za mita, aeleze kwamba zote zimefungwa kwenye jengo moja, na ataje mita moja anayotaka ibaki ikikatwa. Kipengele hiki cha mwisho husahauliwa sana. Afisa akipokea barua inayosema tu kwamba mita nyingi zinakatwa, hajui azitoe zipi. Akitajiwa kwamba mita fulani ibaki na tatu zilizobaki ziondolewe, kazi yake imekwisha kurahisishwa. Chagua mita unayoitumia mwenyewe au ile ya taa za nje, usichague ya mpangaji anayeweza kuhama kesho.

Nyumba za mteremkoni

Mbeya na Iringa zimejengwa kwenye miinuko, na nyumba nyingi zilizo chini ya mlima Loleza au zile za Gangilonga zina msingi mrefu upande wa bondeni. Ukisimama barabarani unaona nyumba ya chini. Ukizunguka nyuma unaona kama ghorofa moja, kwa sababu mwenye nyumba ameziba uwazi wa msingi kwa tofali na kuweka mlango wa stoo ya mahindi au kuni. Mtu aliyepita kuhakiki majengo kwa haraka anaweza kuandika ghorofa, na kuanzia hapo mita hukata shilingi 7,500 au zaidi badala ya shilingi 1,500. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 72,000 zaidi, hata kama imehesabiwa sakafu moja tu.

Dawa yake ni picha na michoro. Piga picha nyumba kutoka pande zote nne, asubuhi kabla ukungu haujashuka, na moja ya picha ionyeshe ndani ya huo uwazi wa msingi: kimo cha dari, sakafu ya udongo, kukosekana kwa madirisha. Kama una mchoro ulioidhinishwa na halmashauri wakati wa kuomba kibali cha ujenzi, toa nakala, kwa maana mchoro huo ni hati ya halmashauri yenyewe na ni vigumu kuukataa. Omba kwa maandishi kwamba afisa aje kuliona jengo. Lakini useme kweli. Kama chumba cha chini kina dirisha, kimepigwa lipu, na kuna mpangaji anaishi humo, basi ukaguzi utakuumbua, na hoja zako nyingine, hata zile za haki, zitapoteza uzito.

Wazee na watu wenye ulemavu

Sheria inasamehe nyumba ya makazi anayoishi mwenyewe mmiliki aliyefikisha miaka 60, na vilevile mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, ikiwa nyumba hiyo haitumiki kwa biashara. Msamaha huu haujileti. Mita haijui umri wa mtu, na mzee aliyetimiza miaka 60 mwezi uliopita ataendelea kukatwa hadi mtu apeleke maombi kwa niaba yake au apeleke mwenyewe.

Mahitaji ya kawaida ni kitambulisho cha taifa kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa, ushahidi wa umiliki, namba ya mita, na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba mzee huyo ndiye mwenye nyumba na kwamba anaishi humo. Mkwamo mkubwa niliouona ni wa wajane. Nyumba bado ina jina la marehemu baba, mama ana miaka 70 na zaidi, anaishi peke yake, na ofisi inamwambia kwamba kwenye kumbukumbu yeye si mmiliki. Hapo safari huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwenye kufungua mirathi na kuteua msimamizi, kisha umiliki kuhamishwa, ndipo msamaha uombwe. Mama mkwe wangu alipitia njia hiyo na ilichukua miezi mingi, hasa kwa sababu watoto waliahirisha kikao cha ukoo kila Pasaka na kila Krismasi. Kama mzee wako bado yuko hai na hati iko kwa jina la mwenzi wake aliyefariki, usisubiri.

Mzee aliyepangisha vyumba viwili vya mbele kwa kinyozi na duka la dawa hatapata msamaha kwa nyumba hiyo, na ni afadhali aambiwe hivyo mapema kuliko kuzungushwa.

Makosa mengine ni mepesi kuyaeleza. Jengo lililobomolewa, labda kwa kupisha upanuzi wa barabara, huthibitishwa kwa barua ya mtendaji na hati ya fidia kama ipo. Mita ya pampu ya kisima, isiyo na jengo lolote, huthibitishwa kwa picha.

Barua yenyewe

Iandike kwa ukurasa mmoja. Juu kulia weka anwani yako na tarehe. Kushoto mwandikie Mkurugenzi wa Jiji, Manispaa, Mji au Wilaya yako, na chini kabisa onyesha kwamba nakala inakwenda kwa Meneja wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wa mkoa. Ninashauri kuandika kwa wote wawili kwa sababu jukumu la kodi hii limehama kati ya halmashauri na TRA zaidi ya mara moja, na mwenye nyumba asiyepeleka nakala hujikuta akirushwa kama mpira kati ya milango miwili. Mfano wa barua ya mita nyingi ni huu:

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KODI YA JENGO INAYOKATWA KWENYE MITA NNE ZA JENGO MOJA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa jengo moja lisilo la ghorofa lililopo Mtaa wa ……, Kata ya ……, kiwanja namba …… kitalu ……. Jengo hili lina mita nne za LUKU, ambazo namba zake ni ……. Tangu mwezi …… mwaka …… mita zote nne zimekuwa zikikatwa kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kila moja kwa mwezi, ambapo jengo moja la aina hii hutozwa shilingi 18,000 kwa mwaka.

Ninaomba mambo matatu: kodi ibaki kwenye mita namba …… pekee, madeni yaliyosalia kwenye mita nyingine tatu yafutwe, na kiasi cha shilingi …… kilichokatwa kwa ziada, kwa mujibu wa jedwali nililoambatisha, kihesabiwe kwenye kodi ya miezi ijayo. Niko tayari kumpokea afisa kwa ukaguzi siku yoyote ya kazi.

Angalia jinsi ombi la tatu lilivyowekwa. Kurudishiwa fedha taslimu na ofisi ya umma ni safari ndefu. Kuhesabiwa ziada kwenye miezi ijayo ni ombi ambalo afisa anaweza kulishughulikia kwa urahisi zaidi. Ambatisha nakala za kitambulisho, hati au ofa au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa mtaa, barua ya mtendaji, risiti na jedwali. Usiache nakala halisi ya hati mahali popote, hata ukiombwa kwa upole.

Kuipeleka na kuifuatilia

TANESCO ni mkusanyaji tu. Dirishani kwao watakueleza aina ya deni lililopo kwenye mita, na ni vizuri kuanzia hapo ili uwe na hakika kwamba deni ni la kodi ya jengo na si deni la umeme la mita ya zamani, lakini hawana uwezo wa kufuta kodi. Ukishajua, peleka barua masijala ya halmashauri, ugongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako, na ufanye hivyohivyo TRA. Nakala isiyo na muhuri ni sawa na maneno ya mdomo. Nilipopeleka barua yangu ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, niliiacha juu ya meza ya mtu aliyeniahidi kuifikisha. Niliporudi baada ya mwezi mmoja hakuna aliyeijua, na muda wote huo mita zikawa zinaendelea kukata.

Muda una maana yake. Kwa uamuzi wa kodi unaotolewa na TRA, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatoa siku 30 za kuweka pingamizi tangu siku ulipopewa taarifa ya uamuzi, na pingamizi la makadirio huambatana na kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa umeomba na kukubaliwa kupunguziwa. Kwa hiyo ukipata majibu ya maandishi yanayokataa ombi lako, hesabu siku kuanzia tarehe uliyoyapokea na usisubiri mwezi ufike mwisho. Juu ya TRA kuna Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Kwa nyumba ya shilingi 1,500 kwa mwezi hakuna mtu atakayefika huko, na sishauri. Kwa jengo la ghorofa nne la biashara, ambalo kosa lake linahesabika kwa mamia ya maelfu kila mwaka, mwone wakili au mshauri wa kodi kabla siku hazijaisha.

Wakati shauri linasubiri, endelea kununua umeme kama kawaida. Kuacha kununua kunalimbikiza deni, na kumlipa fundi aichezee mita ni kosa la jinai ambalo litaifunika haki yako yote. Jihadhari pia na vishoka wanaokaa karibu na ofisi na kudai wanaweza kuondoa mita kwenye mfumo kwa elfu ishirini. Marekebisho haya hayauzwi.

Wengine huleta malalamiko ya kodi ya pango la ardhi wakidhani ni jambo hilihili. Pango hulipwa kwa ajili ya kiwanja, linasimamiwa na Wizara ya Ardhi, hulipwa kwa namba ya malipo, na hukokotolewa kwa ukubwa, matumizi na mahali kiwanja kilipo. Huko makosa ya kutafuta ni mawili hasa: ukubwa uliokosewa, kwa mfano hekta 0.06, ambayo ni mita za mraba 600, kuingizwa kama 6,000. Na matumizi yaliyoandikwa biashara wakati hati inasema makazi. Chukua hati na ramani ya upimaji, uende kwa afisa ardhi wa halmashauri, na akishindwa uende ofisi ya Kamishna wa Ardhi Msaidizi ya mkoa.

Ukishajibiwa kwamba marekebisho yamefanyika, nunua umeme kidogo kwenye kila mita mwanzoni mwa mwezi unaofuata na usome mstari wa deni, kisha urudie kwa miezi mitatu. Barua ya majibu ihifadhi pamoja na hati ya nyumba, kwa kuwa siku TANESCO watakapokubadilishia mita iliyoharibika utapewa namba mpya, na namba hiyo mpya nayo itabidi ihakikiwe kwa risiti yake ya kwanza.